Mwalimu, usinunue Noah kwa mkupuo

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kondoa, nina miaka 58. Niliajiriwa Julai 1991, na mshahara wangu ni 1,450,000 kabla ya makato. Mkopo wa benki unaisha mwakani, lakini afisa mikopo ananishawishi niongeze mwingine juu yake. Mke wangu ni fundi cherehani. Tuna watoto wanne, wawili bado wako vyuoni. Nafikiria kustaafu kwa hiari mwaka huu huu wa 2025, mkupuo (mafao yanayolipwa mara moja) niununulie gari la Noah la abiria nikiwa bado na nguvu, kisha tuhamie kwetu Rombo, ambako nimesimamisha boma la vyumba sita. Mke wangu hataki kuhama. Na barua yangu ya ajira ya kwanza siioni. Shikamoo mzee, nisaidie.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila nikifika kwenye Noah nacheka peke yangu, maana nilikuwa nayo. Nitakusimulia. Kwanza tupige hesabu, kwa sababu nimekaa miaka 31 kwenye uhasibu wa halmashauri, na nimeona watu wengi wakiagana na kazi huku kiasi cha mafao yao wamekisikia kwa jirani.

Kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao, hakina siri. Unachukuliwa wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya kumi ya mwisho, unawekwa kwa mwaka, unazidishwa kwa miezi uliyotumikia, kisha unagawanywa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni yako kamili ya mwaka. Kwa kuwa wewe ulitokea PSPF, mmoja wa mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma, kabla mifuko hiyo haijaunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, asilimia 40 ya pensheni hiyo huzidishwa kwa 12.5 ukalipwa kwa mkupuo. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, unalipwa kila mwezi mpaka mwisho wa uhai wako.

Tuchukulie wastani wako ni huo huo 1,450,000. Kwa mwaka ni 17,400,000. Gawanya kwa 580, unapata 30,000 kamili (mshahara wako umekaa vizuri kwa hesabu za ubaoni). Ukifikisha miaka 60, Juni 2027, utakuwa na miezi 432. Zidisha: 12,960,000 kwa mwaka, yaani 1,080,000 kwa mwezi. Asilimia 60 yake ni 648,000. Hiyo utaiona kila mwezi. Asilimia 40 ni 432,000, na hiyo hutaiona kila mwezi, kwa sababu utakuwa umelipwa yote siku moja, ya miaka 12 na nusu: 64,800,000.

Hapo mwalimu naomba usimame kidogo, maana ndipo wastaafu wengi walipoteleza, nami nikiwa mmoja wao. Mkupuo si zawadi ya utumishi uliotukuka, wala si mtaji aliokuachia Serikali. Ni 432,000 zako za kila mwezi, ulizolipwa mapema mpaka utakapokuwa na miaka 72 na nusu. Ukizila zote mwaka wa kwanza, hakuna aliyekudhulumu. Umekula mshahara wa mbele.

Sasa tazama unachopokea leo. Kwenye 1,450,000 hutoka 72,500 za PSSSF, 43,500 za bima ya afya ya NHIF, kodi ya mapato 241,250, na 29,000 za chama cha walimu kama bado wanakukata asilimia 2. Mkononi inabaki 1,063,750, kabla benki haijapitisha mkono wake. Linganisha na pensheni kamili ya 1,080,000. Ziko karibu sawa. Maana yake maisha unayoishi leo unaweza kuendelea kuyaishi ukistaafu, kwa sharti moja tu: zile milioni 64.8 uzifanye zikurudishie 432,000 zako mwezi kwa mwezi. Noah iingie hapa tuipime kwa kipimo hicho.

Mimi nilistaafu 2019. Kikokotoo kipya kilikuwa kimetoka 2018, kikashusha mkupuo hadi asilimia 25, watumishi wakapiga kelele, na Desemba ya mwaka huo Rais Magufuli akakisimamisha. Kwa hiyo sisi tulipita na kile cha zamani: kugawanya kwa 540, mkupuo asilimia 50, na kuzidisha kwa 15.5. Mtu mwenye mshahara na miezi kama yako alichukua 107,880,000 siku moja, na pensheni ya mwezi 580,000. Baadaye, Julai 2022, ikaja asilimia 33, na Julai 2024 ikapanda hadi 40 kwa watu wa mfuko wako. Nakueleza historia hii kwa sababu ushauri wa Noah, wa fremu tatu za biashara na wa ghorofa la kupangisha umetoka kwetu sisi wazee wa milioni mia. Fedha yako ni ndogo kwa mkupuo, kubwa kidogo kwa mwezi. Haitaki kuendeshwa kwa ushauri wetu.

Noah yangu niliinunua 17,000,000, ikabeba abiria kati ya Singida na Manyoni. Dereva alikuwa mtoto wa ndugu yangu, kijana mtiifu kabisa. Daftari la hesabu ninalo mpaka leo. Ukurasa wa kwanza ni wino wa buluu na mwandiko wa kunyooka: 45,000, 45,000, 45,000, Jumapili 30,000. Ukurasa wa tatu pameandikwa "tairi mbili za nyuma". Wa nne, "baba leo trafiki". Kuanzia wa sita mwandiko unabadilika, kwa sababu gari lilikuwa mikononi mwa deiwaka (dereva wa kushikiza wa siku), na "liko gereji" imejirudia mara tisa mfululizo bila tarehe. Bima, leseni ya usafirishaji ya LATRA na mafuta ya injini sikuviandika kwenye daftari, nilivitoa kwenye pensheni. Baada ya miezi 19 niliiuza 6,500,000. Kijana hakuniibia, au kama aliiba ni vya soda. Gari lenyewe lilikuwa linakufa kila siku kidogo, na mimi nilikuwa nasoma yale mapato ya asubuhi tu.

Nawajua wawili walioweza biashara ya gari baada ya kustaafu. Mmoja alikuwa dereva wa mkurugenzi, mwingine alianza na bajaji miaka sita kabla, akiwa bado kazini. Wewe kwenye barua yako hujasema kama una leseni ya udereva. Ukitaka kujua kama biashara fulani ni yako, ianze sasa kwa fedha ya mshahara, ndogo, ikushinde ukiwa bado unalipwa tarehe 23. Ya kuanza nayo ukiwa na miaka 60, kwa mkupuo, huku hujawahi kuigusa, hiyo iache.

Sasa kuhusu kustaafu mwaka huu. Kwa miezi 408 uliyonayo, pensheni yako kamili ni 12,240,000. Mkupuo ni 61,200,000, na kwa mwezi 612,000. Ukingoja miaka miwili unaongeza 3,600,000 kwenye mkupuo na 36,000 kila mwezi maisha yako yote, mbali na mishahara 24 yenyewe. Ukipanda daraja hapo katikati, wastani wa miaka mitatu bora nao unasogea. Mtu anaondoka mapema kwa sababu ya afya, au kwa sababu ana shughuli iliyokwisha kushika. Wewe hujanitajia hata moja. Halafu una wanafunzi wawili vyuoni, na ada hulipwa vizuri na mshahara kuliko mkupuo. Baki.

Na hiyo miaka miwili usiikae hivi hivi. Mkopo ukiisha mwakani, uache uishe. Afisa mikopo atakuja tena shuleni na fomu na kalamu, atakuambia theluthi ya mshahara wako bado ipo. Ipo kweli, sheria ndiyo inayoilinda isikatwe. Lakini mkopo unaovuka siku ya kustaafu utaufuata mkupuo nyumbani. Makato yakikoma, kiasi kile kile walichokuwa wanakata kipeleke UTT, taasisi ya Serikali ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi, ambako ukihitaji fedha unaipata ndani ya siku chache za kazi. Hiyo ndiyo akiba yako ya dharura, na ukistaafu utakuwa hujagusa mkupuo kwa ajili ya dari lililovuja.

Zoezi lingine najua hutalipenda. Kuanzia Januari 2027, wewe na mama mjaribu kuishi miezi mitatu kwa 648,000 tu kila mwezi. Kinachozidi kipelekeni akiba. Mwezi wa kwanza mtagundua vitu viwili vitatu ambavyo hamkuwa mnajua vinakula fedha: kwangu ilikuwa vocha za kuwatumia wajukuu, na michango ya harusi za watoto wa watu niliofanya nao kazi mara moja mwaka 1996. Kwenye kamati za harusi mstaafu bado huandikiwa kiwango cha ofisa. Ni afadhali ujifunze kusema "nitatoa elfu kumi" ungali kazini, watu wakuzoee.

Mkupuo wenyewe ningeugawa hivi ingekuwa wangu, na wewe utarekebisha. Milioni 40 hati fungani za Serikali, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba. Unaanzia shilingi milioni moja, unanunua kupitia benki yako au dalali aliyesajiliwa katika mnada wa Benki Kuu, na riba huingia akaunti yako kila miezi sita. Viwango hupanda na kushuka kwa kila mnada, kwa hiyo nitumie asilimia 12 kwa mfano tu: milioni 40 inazaa 4,800,000 kwa mwaka, sawa na 400,000 kwa mwezi. Ongeza kwenye 648,000, umefika 1,048,000, na milioni 40 bado ipo imelala. Karibu 432,000 zako zote zimerudi nyumbani. Kama mambo ya minada yanakuchosha, Mfuko wa Hati Fungani wa UTT unafanya kazi hiyo kwa niaba yako, na una mpango wa kukutumia gawio kila mwezi. Tahadhari moja kuhusu hati za miaka 20 au 25: ukilazimika kuiuza katikati bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Ndiyo maana usiweke yote humo.

Inabaki milioni 24.8. Milioni 10 za kumalizia nyumba, nitakuambia ipi. Milioni 5 za watoto walioko chuo, na wajue kuwa ndiyo hiyo na haina mdogo wake. Milioni 6 zikae kwenye Ukwasi. Kinachosalia ni chako na mke wako, nunueni hata seti ya makochi, mmefanya kazi.

Halafu kuna kupanda kwa bei. Pensheni huongezwa pale inapoamuliwa, haipandi yenyewe kila Julai. Bei zikipanda asilimia 3 tu kwa mwaka, 648,000 yako baada ya miaka 15 itanunua vitu vya kama 416,000 za leo. Kwa hiyo riba ya hati fungani usiile yote miaka ya mwanzo. Mwaka ambao cherehani ya mama imeenda vizuri, rudisha milioni moja mnadani.

Tukifika kwenye cherehani, ndipo nilipotaka tufike. Umeandika "mke wangu hataki kuhama" kama vile ni kikwazo. Mimi nimeisoma kama taarifa ya fedha. Ana wateja Kondoa wanaomjua, sare za shule kila Januari, nguo za Idi, magauni ya harusi. Rombo ataanza na sifuri, miongoni mwa mafundi wenye wateja wao wa miaka 20. Akiingiza hata laki moja na nusu kwa mwezi hapo alipo, ili kuizaa fedha hiyo ungehitaji kuwa na milioni 15 kwenye hati fungani za asilimia 12. Unataka kumhamisha mtu mwenye milioni 15 aende kukaa kwenye boma lisilo na bati?

Najua kihamba, shamba la ukoo, kina uzito wake. Nimeishi na Wachaga, nimeona nyumba za vyumba sita zinazofunguliwa Desemba, zikafutwa vumbi, zikajaa nyama na mbege wiki mbili, kisha mlinzi anafunga geti mpaka mwaka unaofuata. Fanya hivi: katika boma hilo paua vyumba viwili na sebule, choo cha ndani, basi. Milioni 10 ikitumika kwa adabu inaweza kukufikisha hapo. Vyumba vinne vilivyobaki viache vikiwa kuta, watoto wakitaka watapaua wenyewe. Nendeni Rombo Krismasi na wakati wa mavuno, mkae mwezi mzima mkipenda. Makazi yabaki Kondoa. Baada ya miaka mitano, mama akichoka kukanyaga cherehani, mtaamua upya. Unapostaafu, mwajiri anatakiwa kukusafirisha wewe, familia na mizigo mpaka kwenu, kwa hiyo hilo mlizungumze kabla ya tarehe, msije mkalipwa nauli huku bado mnabishana sebuleni.

Kingine cha kutazama mnapochagua pa kuishi ni umbali wa hospitali. Hapo sehemu zote mbili hazijambo: Rombo kuna Hospitali ya Huruma, na KCMC iko Moshi, Kondoa una lami mpaka Benjamin Mkapa pale Dodoma. Mwanachama wa NHIF akistaafu huendelea kutibiwa yeye na mwenza wake, ila watoto hutoka kwenye kadi. Kwa hiyo hao wawili wa chuo wawe na bima yao ya chuo kabla ya Juni 2027. Na wewe mwenyewe kapime presha, sukari na tezi dume sasa, kadi ikiwa bado haina usumbufu. Walimu wengi niliowaona wakianguka mwaka wa kwanza wa kustaafu walikuwa na presha ya miaka kumi ambayo hakuna aliyeipima.

Mwaka huo wa kwanza una ugumu mwingine ambao si wa fedha. Miaka 36 umeamka kengele ikiwa inakungoja. Siku ya kwanza ya kustaafu utaamka saa kumi na moja alfajiri vile vile, utavaa, utakaa. Mimi wiki ya pili nilikuwa jikoni namweleza mke wangu namna ya kukata vitunguu. Alinivumilia siku nne, ya tano akanipa jembe. Tafuta kazi ya mikono yenye saa zake: bustani, kuku kumi na tano wa kienyeji wa kula mwenyewe (kumi na tano, si mia tano), masomo ya jioni kwa watoto wa mtaani kwako ambao wazazi wao watalipa elfu mbili mbili. Ualimu haustaafu siku moja na barua.

Kabla sijasahau, matapeli. Jina lako likitoka tu kwenye orodha ya wanaostaafu, simu zitaanza: "Mzee, tunapiga kutoka Hazina, faili lako limekwama, tuma laki tatu lifunguliwe." Watakuwa na cheo chako, shule yako, wakati mwingine hata namba yako ya hundi ya mshahara. Kata simu, nenda ofisi ya PSSSF mwenyewe kwa miguu yako. Na wale wa "weka milioni moja uvune tatu baada ya miezi mitatu", waliokuwepo 2009 wanaikumbuka DECI, ule upatu uliowaliza wengi, watu walipanda mbegu na wapo wanaosubiri mavuno mpaka leo. Kikirudi kikiitwa kuku, sungura au sarafu ya mtandaoni, ni kile kile.

Nimeiacha barua ya ajira mwisho kwa makusudi, ila ndiyo ya kuanza nayo Jumatatu. Michango ya PSPF ilianza Julai 1999. Miaka yako minane ya kabla ya hapo haina mchango wa kuonyesha kwenye kompyuta. Inahesabiwa kwa sababu Serikali ilikubali kubeba deni lake, na inathibitishwa kwa makaratasi: barua ya ajira ya kwanza na barua ya kuthibitishwa kazini. Miezi 96 hiyo, kwenye hesabu yako, ni 14,400,000 za mkupuo na 144,000 za kila mwezi. Hakuna Noah itakayokupa hivyo.

Nenda ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu hapo wilayani, omba jalada lako lifunguliwe ukiwepo, utafute nakala. Likiwa halina, nenda masijala ya halmashauri uliyoanzia kazi, hata kama ni mkoa mwingine, na uchukue siku mbili za ruhusa kwa ajili hiyo. Angalia jina lilivyoandikwa. Kama 1991 uliandikwa kwa majina mawili na kitambulisho cha NIDA kina matatu, au herufi moja imepotea, andaa kiapo cha majina mahakamani sasa, usingoje PSSSF wakurudishe kutoka dirishani. Ukiwa huko kwenye jalada, tazama pia kama cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote wanne vimo. Siku wewe haupo, mama atakuwa anashika makaratasi hayo mkononi mbele ya karani asiyemjua. Kwa hiyo safari hiyo ya masijala nenda naye.